Kufundisha skrini na pasi kwa timu ya kikapu ya shule: anza na kusubiri

Mtoto ameshika mpira juu ya duara lililo mbele ya kikapu. Wenzake wanne wamemkimbilia, kila mmoja kainua mkono, kila mmoja anaita "hapa, hapa!" Wakabaji wao nao wamewafuata. Sasa watu kumi wamebanana kwenye sehemu isiyozidi turubai la kuanikia mahindi, na mwenye mpira ananitazama mimi pembeni ya uwanja. Mdomo haujafunguka, lakini macho yanauliza: mwalimu, nimpe nani?

Nimeliona jambo hilo miaka yote niliyofundisha kikapu hapa Mbeya, na timu tunazokutana nazo kutoka Iringa na Njombe zina ugonjwa uleule. Dawa tuliyozoea kuitoa ni kupaza sauti: "Tawanyikeni!" Wanatawanyika kweli, kila mmoja anasimama mahali pake na mkabaji wake ubavuni, na mwenye mpira bado hana wa kumpa. Inabaki kazi ya mchezaji mmoja kumfungulia mwenzake njia kwa kusimama imara mbele ya mkabaji, ndiyo skrini, na ya mwenye mpira kuifikisha pasi pale pale njia inapofunguka. Skrini na pasi ni somo moja. Ukizifundisha wiki tofauti utapata watoto wanaoweka skrini nzuri bila mtu wa kuwapa mpira, na watoto wenye pasi nzuri wasiojua waipeleke wapi. Kinachoziunganisha ni kusubiri, na kusubiri ndiko kugumu kuliko yote kwa mtoto wa miaka 15.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye wachezaji kumi au kumi na wawili, mipira mitatu hivi, na uwanja wa saruji usio na paa. Maana ndivyo tulivyo wengi.

Kabla ya filimbi

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu mpira ulioujaza upepo jana mchana utaukuta umelegea, kwa sababu hewa iliyo ndani husinyaa kwa baridi. Uachie kutoka usawa wa kichwa chako. Ukishindwa kurudi hadi kiunoni, tafuta pampu. Lakini usiujaze mpaka uwe jiwe: vidole vyenye baridi vikipigwa na mpira mgumu mara mbili, mtoto huanza kufumba macho anapodaka, na tabia hiyo huchukua mwezi mzima kuitoa.

Wavulana watumie mpira namba 7 na wasichana namba 6. Shule nyingi zina namba 7 peke yake na wasichana wanaambiwa wazoee. Wakizoea, wanazoea kusukuma mpira kwa kiganja na bega, kwa kuwa vidole vyao haviutoshi, na pasi ya namna hiyo haina shabaha. Kama kuna fedha ya kununua mpira mmoja tu mwaka huu, nunua namba 6.

Halafu fagia uwanja. Sisemi hili kwa ajili ya usafi. Upepo wa Agosti na Septemba hutandaza vumbi laini juu ya saruji, na somo zima la skrini ni somo la kusimama bila kuteleza. Mtoto mwenye raba iliyokwisha soli akiteleza nusu hatua wakati mkabaji anamgonga, refa atampigia yeye faulo.

Hatua ya 1: kufika na kusimama

Wasichana wengi huja kwangu kutoka netiboli. Kule hawaruhusiwi kudunda mpira wala kutembea nao, na lazima wauachie ndani ya sekunde 3, kwa hiyo wanajua kudaka, kutua na kutoa vizuri kuliko wavulana. Ila netiboli imewazoesha pia kwamba mkabaji anakaa umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira, na kwamba kugusana ni kosa. Ukimwambia asimame apigwe na bega la mtu, anasimama, kisha dakika ya mwisho anarudi nyuma.

Wavulana wanatoka kwenye soka. Mwili hawauogopi hata kidogo. Shida yao ni kiuno: anasimama vizuri, halafu mkabaji anapopita anakisukuma kiuno kando kidogo, kama anavyofanya beki kwenye kona. Jua unaye nani mbele yako kabla ya kuanza kukosoa.

Zoezi ni moja. Wapange kwenye mstari wa mwisho. Wakimbie kwa nusu ya kasi. Ukipiga filimbi, watue kwa miguu miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda, kichwa kimeinuka. Wakae hivyo sekunde 2. Pita katikati yao, mguse kila mmoja begani kwa kiganja, umsukume taratibu. Anayeyumba ana miguu iliyobanana au magoti yaliyonyooka, mrekebishe palepale. Kutua kwa miguu miwili kuna faida nyingine kwa anayedaka mpira: anaweza kuchagua mguu wowote kuwa mhimili, yaani ule unaobaki chini, na kugeukia upande anaotaka bila kupigiwa filimbi ya kutembea.

Dakika 8 kila siku, kwa wiki mbili za kwanza. Watalalamika. Endelea.

Hatua ya 2: pasi inayomfikia mtu mkononi

Shika mpira mwenyewe uwaonyeshe. Vidole vimetanuka pande mbili za mpira, vidole gumba viko nyuma yake, na kati ya kiganja na mpira kuna nafasi ndogo ya mwanga kupita. Sukuma ukipiga hatua moja mbele. Mikono ikimaliza, vidole gumba vinatazama chini na migongo ya mikono inatazamana. Hiyo ndiyo pasi ya kifua. Wape wawili wawili, wasimame mita 4 kati yao, na uwaambie wasikilize. Mpira uliodakwa kwa vidole hautoi sauti kubwa. Uliodakwa kwa viganja unalia kama kofi. Nikiwa nimegeuka kuandika jambo najua nani anadaka vibaya kwa sauti hiyo tu.

Pasi ya kudunda igonge chini karibu na mpokeaji, kama theluthi mbili za njia, ili imfikie kiunoni. Weka alama ya chaki au kipande cha tofali pale inapotakiwa kugonga. Pasi ya juu ya kichwa ni ya kuuvusha mpira upande wa pili wa uwanja. Mpira usirudishwe nyuma ya kisogo, maana huko mkabaji wa nyuma anauchukua kama embe lililoiva.

Kubwa kuliko aina za pasi ni shabaha. Mpira hautupwi kwa mtu, unatumwa kwenye mkono wake ulio mbali na mkabaji. Na mkono huo lazima uwe umeonyeshwa. Timu yangu ina sharti: pasi inaombwa kwa kiganja kilichofunguliwa, kusema "hapa" hakutoshi. Anayeita bila kuonyesha mkono hapewi, hata kama yuko peke yake chini ya kikapu.

Kwa mazoezi mimi hutumia rede. Watoto wote wanaijua: wawili pembeni, mmoja katikati, mpira wa soksi. Tunaigeuza. Wawili wa pembeni wanapasiana mpira wa kikapu na hawaruhusiwi kuurusha juu ya kichwa cha wa katikati. Wa katikati anatafuta kuugusa tu. Mwenye mpira anajifunza mwenyewe, bila hotuba yangu, kwamba lazima ajifanye anapitisha juu ndipo apitishe chini, na kwamba macho yakitangulia, mpira unakatwa njiani. Ambaye mpira wake umeguswa anaingia katikati. Wataicheza mpaka utakapowazuia.

Na tangu mwanzo wacheze mechi ndogo bila kudunda. James Naismith alipoanzisha mchezo huu Springfield, Marekani, Desemba 1891, kanuni zake 13 hazikumruhusu mwenye mpira kukimbia nao. Alipaswa kuutupa kutoka pale alipoudakia. Kudunda kulikuja baadaye. Kikapu kilizaliwa kikiwa mchezo wa pasi, na mtoto aliyenyimwa kudunda kwa dakika 10 huanza kuinua kichwa na kutafuta watu.

Hatua ya 3: skrini halali

Hapa usiwe na haraka, maana nusu ya faulo za timu za shule ziko hapa.

Msingi wa kanuni ni huu: mwekaji wa skrini awe amesimama, miguu yote miwili iko chini, na mwili wake uko ndani ya nafasi yake mwenyewe wakati mgongano unapotokea. Asipanue miguu kupita mabega kwa kujifanya ukuta. Asitoe kiwiko, goti wala kiuno. Mikono aikunje kifuani. Wavulana wengine hupendelea kuishusha chini ya tumbo kujikinga, na hilo halina ubaya.

Kisha kuna umbali. Mkabaji aliyesimama na anayekuona, kwa maana uko mbele yake au ubavuni, unaweza kumsogelea utakavyo mradi usimguse. Asiyekuona, yaani umemjia kwa nyuma, lazima umwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Aliye mbioni mwachie nafasi ya kusimama au kukwepa, kati ya hatua 1 na 2. Watoto hawakumbuki maneno hayo. Wanakumbuka chaki. Mchoree mkabaji duara dogo miguuni, na nyuma yake mstari mmoja umbali wa hatua. Mwekaji akija kwa nyuma asimame kwenye mstari. Akija kwa mbele afike ukingo wa duara. Siku tatu za chaki zinatosha.

Adhabu waielewe pia. Skrini inayotembea ni faulo ya mshambuliaji: mpira unakwenda kwa wapinzani, na faulo inahesabiwa kwa mchezaji kati ya zile 5 zinazomtoa nje. Niliwahi kupeleka timu kwenye mashindano ya shule tukiwa na mtindo mmoja mzuri sana niliouchora ubaoni, lakini nilikuwa sijafundisha kusimama. Mchezaji wangu mrefu alitoka kwa faulo 5 kipindi cha tatu, na nne kati ya hizo zilikuwa skrini. Mtoto alilia njia nzima. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo hatua hii siiruki.

Baada ya kusimama fundisha upande. Sheria yake ni rahisi kuikumbuka: mgongo wako uelekee pale unapotaka mwenzako apokee mpira. Kama mwenzako yuko karibu na kikapu na unataka atoke kuja ubavuni mwa uwanja, nenda kwa mkabaji wake ukimtazama, ukakipe kikapu uso na ubavu wa uwanja mgongo. Njia inafunguka pembeni mwako yenyewe. Mtoto aliyesimama kinyume atakuwa amemzuia mwenzake badala ya kumzuia mkabaji. Nimeona hilo mara nyingi, na linatokana na mwekaji kukimbilia mahali. Mwambie atafute mtu. Skrini inawekwa kwa mwili wa mkabaji, na mkabaji akisogea, mwekaji abadili njia kabla hajafika.

Neno moja la kuitana mnalihitaji. Sisi husema "tayari". Mwekaji halitamki mpaka miguu yake yote miwili imetulia.

Hatua ya 4: kusubiri

Sasa tumwangalie mtumiaji, yule anayefunguliwa njia. Kwake ndiko skrini nyingi hufia. Anamwona mwenzake anakuja, anafurahi, anaondoka. Mwekaji bado yuko njiani, mkabaji anapita bila shida, na kama wamegongana, mwekaji alikuwa anatembea. Faulo anaandikiwa mwekaji, lakini kosa ni la yule aliyewahi.

Nilikuwa na binti wa kidato cha pili, mwepesi kuliko wote, na kila skrini aliiwahi. Nilimwambia "subiri" mpaka neno likaisha maana. Siku moja dada mkubwa wa timu, wa kidato cha nne, alimshika mkono wakasimama pamoja kona, mkabaji mbele yao. Mwekaji akaja. Yule mdogo akataka kutoka; dada hakumwachia. Mwekaji akatua, akasema tayari. Dada bado hakumwachia. Akasubiri pumzi moja zaidi, mpaka mkabaji alipogeuza kichwa kutazama kilichomgusa ubavuni, ndipo akamsukuma mgongoni: nenda. Binti akatoka peke yake, hakuna mtu mita 3 kutoka kwake. Aligeuka akatutazama kwa mshangao. Sasa nafundisha hivyo hivyo, kwa kushikana mikono, na nimeacha kupiga kelele.

Wakishajua kusubiri, wape mambo mawili ya kufanya wakati wa kusubiri. Kwanza, mtumiaji ampeleke mkabaji wake upande usio wake: hatua mbili za pole kuelekea kikapu kama mtu anayekwenda kuingia, kisha ageuke ghafla. Aingie polepole, atoke kwa kasi. Pili, apite akimgusa mwekaji, bega lake kwenye nyonga ya mwekaji. Nawaambia asipite hata mbuzi katikati yenu. Ukiacha nafasi ya mtu mmoja, mkabaji ndiye mtu huyo.

Halafu fundisha kumsoma mkabaji. Usiwape majibu matatu siku moja. Mpe kila wiki moja.

Mkabaji akikufuata nyuma nyuma, akiwa amekushikilia kisogoni, usitoke nje. Mzunguke mwekaji uingie kikapuni, maana mbele yako hakuna mtu.

Mkabaji akikwepa skrini kwa kupita upande wa pili, ili akakusubiri kule mbele, rudi nyuma ulikotoka, kona. Yeye yuko nyuma ya skrini na wewe uko peke yako ukiwa na muda wa kutupa.

Mkabaji akijua unakokwenda, akaruka mapema kuiziba njia ya mpira, usiitumie skrini kabisa. Mwachie mlango anaoulinda, wewe ingia kikapuni kupitia mgongoni kwake.

Zoezi: watumiaji watatu, mwekaji mmoja, na mkabaji ni mimi mwenyewe kwa sababu najua nitakachofanya. Kila mara nabadilisha. Sipigi filimbi wakikosea. Nasimama nauliza: "Nilikuwa wapi?" Mtoto anayeweza kujibu nilikuwa wapi, wiki ijayo atapita vizuri. Asiyejua alikuwa anatazama mpira.

Hatua ya 5: mwekaji hajamaliza

Watoto huweka skrini kisha hubaki wamesimama kama nguzo za umeme, wakitazama wenzao wanavyocheza. Wafundishe hivi: mwenzako akishapita bega lako, geuka kwa mguu wa mhimili ukiufungulia mpira kifua, usiupe mgongo hata mara moja, mkono mmoja juu. Wakabaji wakiamua kubadilishana watu, kama wanavyofanya wengi, kwa kitambo kidogo mwekaji atakuwa na mkabaji mgongoni na kikapu mbele yake. Katika mechi zetu nyingi mwekaji ndiye huwa mtu wazi zaidi uwanjani, na haoni mpira kwa sababu hakuuomba.

Kanuni ndogo inayosaidia: mwenzako akiingia, wewe toka, akitoka, wewe ingia. Wawili wasiende mahali pamoja. Na akiingia chini ya kikapu asikae, ana sekunde 3 tu kwenye lile eneo lililochorwa mbele ya kikapu.

Hatua ya 6: pasi inayokutana na skrini

Hapa mambo yote yanaungana, na hapa mwenye mpira lazima afundishwe kusubiri naye. Makosa ni mawili. Wa kwanza anatoa pasi mtumiaji bado yuko nyuma ya skrini, mpira unapita mtupu. Wa pili anamwona mwenzake yuko wazi, anafurahi, anashusha mpira kudunda mara moja, kisha anatoa. Ile mara moja ya kudunda ndiyo aliyoihitaji mkabaji kurudi.

Ninachowaambia ni kwamba mpira uondoke mkononi wakati bega la mtumiaji linapita nyonga ya mwekaji. Ukiondoka wakati huo utamkuta akiwa amefika. Kama mwenye mpira anakabwa karibu na hana pembe nzuri, adunde mara moja kwenda upande wa skrini kabla mwekaji hajasema tayari. Na akumbuke ana sekunde 5 tu za kushika mpira huku mtu amembana.

Aina ya pasi inaamuliwa na njia ya mtumiaji. Aliyezunguka kwenda kikapuni apewe ya kudunda, kwa kuwa mikono ya wakabaji iko juu na miguu yao imechelewa. Aliyetoka ubavuni apewe ya kifua, kwenye mkono wa nje, ili akidaka awe tayari kutupa bila kuinama. Aliyerudi kona apewe ya juu ya kichwa. Mwekaji aliyejifungua ndani, ya kudunda tena, chini, pembeni mwa goti la mkabaji.

Macho ni habari nyingine. Mwenye mpira asimtazame mtumiaji muda wote; atazame kikapu, ambako kwa jicho la pembeni anaona wote wawili. Rede uliyoifundisha hatua ya 2 inalipa hapa.

Wafanye wakiwa watatu bila wakabaji siku mbili: mwenye mpira juu, mwekaji, mtumiaji. Watembee kwanza. Nasema watembee kwa miguu, taratibu, wakitamka kwa sauti: "nakuja", "tayari", "sasa". Kisha wakimbie. Kisha waongeze wakabaji watatu na wacheze bila kudunda, nusu uwanja. Mimi huhesabu hivi: goli ni pointi 1, skrini halali iliyomwacha mtu wazi ni pointi 2, hata kama amekosa goli. Skrini inayotembea, mpira unakwenda upande wa pili. Ndani ya nusu saa utaona watoto wanaogombania kuweka skrini, jambo ambalo hakuna hotuba itakayolileta.

Skrini kwa mwenye mpira

Watoto wanaitaka hii kwanza, kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye simu. Mimi huiweka mwisho, baada ya mwezi. John Stockton na Karl Malone wa Utah Jazz waliicheza pamoja miaka 18, na Stockton alimaliza akiwa na pasi za goli 15,806 katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, rekodi ambayo haijavunjwa. Waliicheza ileile kila usiku na wapinzani walijua inakuja. Kilichowashinda wapinzani ni wakati wake.

Mambo ya kusisitiza ni machache kwa sababu msingi mnao tayari. Mwenye mpira adunde akisubiri, asimkimbilie mwekaji. Apite bega kwa nyonga. Akishapita adunde mara mbili, si mara moja, ili awavute wakabaji wote wawili. Hapo ndipo mwekaji anageuka na kukimbilia kikapuni akiwa ameonyesha mkono. Wakimfuata wote wawili mwenye mpira, pasi ya kudunda katikati yao. Wakimwacha, atupe mwenyewe.

Walimu wengine huniuliza wafundishe mitindo mingapi. Kwa timu ya shule, miwili inatosha: skrini moja mbali na mpira, na hii moja ya kwenye mpira. Mtoto anayefikiria mtindo wa saba hawezi kumtazama mkabaji.

Siku ya mvua

Huku kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na Tukuyu zaidi ya hapo, uwanja wa wazi hautabiriki. Usilazimishe saruji yenye maji; hatua ya 1 na hatua ya 3 zote zinahitaji mahali pakavu. Ingia darasani, sogeza madawati pembeni, na tembeeni skrini bila mpira. Dawati moja ni kikapu. Au kaeni barazani, kila mmoja na ukuta wake, pasi 100 za kifua kwenye alama ya chaki. Siku hizo ndizo ninazofundishia kumsoma mkabaji, kwa sababu kasi haipo na kila mtu anaona.

Daftari

Siku ya mechi mpe mtoto mmoja wa kidato cha kwanza daftari na kalamu, akae karibu nawe. Safu tatu: skrini iliyosimama, skrini iliyotembea, pasi iliyomkuta mtu wazi. Jina la mchezaji na vijiti. Magoli yana mtu wa kuyaandika tayari. Mwandishi wako naye atajifunza kuona mchezo kabla hajauanza, na kwangu wawili walioanza na daftari leo ni wachezaji wa kutegemewa.

Tulipokuwa tunarudi na Coaster kutoka mechi moja, giza limeingia na vioo vyote vimefunga ukungu, nilisimama nikasoma daftari kwa sauti. Kijana wetu mrefu hakuwa na goli hata moja siku hiyo na alikuwa amekaa kiti cha nyuma amejifunika koti. Nikafika kwenye jina lake: skrini zilizosimama 11, iliyotembea hakuna. Basi zima likapiga makofi. Akatoa kichwa kwenye koti.

"Samahani mwalimu," akasema, "soma tena."

Nikasoma tena.